Mtani Aliyenyamaza Msibani

Mtani wangu amenizika mara nyingi. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata siku moja katika foleni ya duka la vyakula huku Marekani, kule Oxon Hill, alijitupa begani kwa mtu asiyemjua akaanza kulia kwa sauti: "Jamani, Mhehe wangu amekufa, na hata kuoga alikuwa hajaoga!" Mimi nimesimama palepale nyuma yake, nimeshika mfuko wa vitunguu.

Yeye ni Mngoni wa Songea, mimi ni Mhehe wa Iringa. Wazee wetu walipigana vita, na walipochoka kuuana wakakubaliana kutaniana. Ndiyo maana mpaka leo Mngoni anaweza kuniambia neno lolote, nami sina ruhusa ya kukasirika. Ananiita mla mbwa, namwita mla panya. Akiona nyama nzuri kwenye sahani yangu, ni yake. Na nikifiwa, kazi yake ni kuja kuvuruga kilio. Anaiga mwendo wa marehemu, analala mlangoni ili wageni wasipite, anadai maiti imemkopa shati, mpaka mwenye machozi ajikute anacheka. Atakayenuna ndiye mkosaji.

Tulikutana mtaa wa Shaw, huku huku Marekani, zamani, wakati zile nyumba za matofali mekundu bado zilikuwa zinapangishwa chumba kimoja kimoja kwa watu kama sisi. Nilikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, naongea na mama yangu kwa simu, na nje theluji ilikuwa inaanguka bila haraka. Mtu mmoja aliyekuwa anakunja mashuka, amenipa mgongo, alisema kwa Kiswahili, "Jamani, humu ndani kuna Mhehe. Mwenye mbwa amfungie." Watu wote waliendelea na nguo zao. Mimi peke yangu nilicheka, nikacheka mpaka mama akauliza nina nini. Mara nyingine nikilala mchana hapa Herndon, ndege zikishuka juu ya paa moja baada ya nyingine, nazisikia zile mashine zikizunguka, nasikia harufu ya sabuni ya moto, na yeye yumo ndani ya mvuke, kijana, ana kola safi. Uzee umenipa usingizi wa aina hiyo. Si wa kulala sana. Ni kama kukaa kwenye maji ya uvuguvugu.

Kuna kitu kidogo ambacho mtani wa kweli anacho. Akishakutupia neno, jicho lake linarudi kwako upesi, kuangalia limeangukia wapi. Likiwa limekuchoma zaidi ya alivyokusudia, atajitukana mwenyewe mara moja ili mzani ukae sawa. Yeye alikuwa bingwa wa hilo. Alikuwa mpishi katika hoteli moja kando ya mto Potomaki, na alikuwa anautania mchuzi hivyohivyo: anatia pilipili, anaonja, anatulia kidogo, anatazama.

Sikumbuki siku ambayo jicho liliacha kurudi. Nakumbuka mchana mmoja wa Jumapili nyumbani kwake, ng'ambo ya mto kutoka kwangu, miti imeanza kuwa myekundu dirishani. Alikuwa ameshastaafu, kama mimi niliyekuwa nikiendesha basi la kubeba abiria kutoka kwenye maegesho mpaka uwanja wa ndege. Siku hizo alikuwa ameanza kupenda vitu vitamu. Anakula biskuti pakiti nzima kwa mkao mmoja, anatia sukari kwenye soda. Tulikuwa tunamcheka: Mngoni amegundua sukari! Siku hiyo alinyoosha mkono akachukua paja la kuku kwenye sahani ya mtoto mdogo wa mgeni. Mtoto akaangua kilio. Sote tulicheka, tukisubiri alirudishe na kumbeba mtoto begani kama kawaida yake. Alilila lote. Akalamba vidole, akitazama runinga.

Niliona. Nataka niliandike hili mapema, nisije nikasingizia kwamba macho yangu yalikuwa mabovu. Niliona, na nikacheka na wenzangu.

Baada ya hapo ulikuja msiba wa mama mmoja wa Mombasa. Tulijaa kwenye ukumbi wa chini wa jengo lao, Waislamu na Wakristo, watu wa Zanzibar, Wabara, Wakenya, Wakongo wawili watatu. Mjane wa kiume alikuwa ameketi kwenye mkeka na kofia yake, anapokea pole. Mtani wangu alimpita, akarudi, akasimama mbele yake ameshika sambusa.

"Umemuua kwa ubahili wewe," alimwambia. "Ungewasha hita, angekuwa hai."

Yule bwana wa Mombasa hakuwa mtani wake, wala kwao hawana mambo hayo na Wangoni. Mke wa mtani wangu, ambaye mimi namwita shemeji, alifunika uso kwa mtandio. Nami, kabla sijafikiri, niliruka katikati mikono juu.

"Msimsikilize, jamani! Ni mtani, huyo! Kwao panya wakiisha wanakula maneno!"

Watanzania wakacheka, kwa nguvu zaidi kidogo ya ilivyostahili. Mfiwa akasema taratibu, "Haidhuru, bwana. Keti, ule." Dada mmoja Mkenya, muuguzi, aliyekuwa anagawa chai, alininong'oneza, "Lakini mzee, huyu rafiki yako ako sawa kweli? Ameenda kuonwa na daktari?"

"Nyinyi Wakenya hamna watani," nikamjibu. "Ndiyo maana mnapelekana kwa daktari."

Alicheka kwa adabu. Nilijiona nimemwokoa rafiki yangu, na njiani kurudi niliimba ndani ya gari.

Miezi ikapita. Shemeji akanipigia simu akasema ana neno. Tulikutana kwenye benchi kando ya mto, karibu na ile hoteli aliyokuwa akipika mumewe. Ilikuwa siku yenye jua hafifu, maji yamekaa kama bati, na lile gurudumu kubwa la kupandia watu lilikuwa linazunguka polepole bila abiria.

"Shemeji," alisema, "dada yangu alipofariki, nilikaa jikoni nalia. Akaingia, akafungua kabati, akasema, 'Sogea, unanizibia biskuti.'"

"Lo."

"Nilidhani ni utani. Nikamsubiri. Nikamsubiri mpaka akamaliza kula." Alikunja mtandio wake, akaukunjua. "Wiki iliyopita ameniambia hajawahi kunipenda. Alisema huku anabadilisha stesheni. Kama mtu anayekuambia mvua imeacha."

Nililitazama lile gurudumu likizunguka tupu.

"Wewe ulimjua kabla yangu. Niambie kweli. Huyu ni yeye?"

Hapo ndipo ningemwambia kuhusu jicho. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimwogopea rafiki yangu, na nadhani nilijiogopea mimi. Kama mtani wangu hakuwa anatania tena, basi mimi nilikuwa nimebaki mzee wa peke yake katika nchi ya watu, sina wa kuniita mla mbwa.

"Shemeji, wanaume tukizeeka tunakauka," nilimwambia. "Ni yuleyule. Maneno tu hayo. Roho yake haina neno."

Aliitika kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayesomewa hukumu. "Basi kama ni yuleyule," alisema, "nimeishi na mtu mwenye roho mbaya miaka yote hii, na sikujua."

Kabla ya mwezi kwisha alihamia kwa binti yao, huku Herndon, mitaa michache kutoka kwangu. Hakugombana. Alipika chakula cha siku kadhaa, akakiweka kwenye friza, akaondoka. Binti alikuwa anapita kumwangalia baba yake asubuhi, mimi jioni. Nikimkuta, amekaa mbele ya runinga, amevaa koti ndani ya nyumba. Namtania, anajibu "ndiyo." Nikajiambia amevunjwa moyo na mkewe.

Halafu kaka yangu alifariki Iringa.

Sikuweza kusafiri, kwa hiyo msiba ulikaa kwangu. Watu walikuja, wakavua viatu mlangoni, wakakaa sakafuni wakiniangalia na kuuangalia mlango. Nilijua wanachosubiri, kwa sababu nami nilikuwa nakisubiri. Mhehe amefiwa; Mngoni ataingiaje? Kaka yangu alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, na mtani wangu alikuwa ameshamwona, miaka ile kaka alipokuja kututembelea. Mchechemeo huo ulikuwa hazina. Nilikuwa nimekaa na machozi yamenigandia kifuani, nikimngoja aje achechemee kutoka mlangoni mpaka jikoni, ili yapate njia.

Binti yake akamleta. Aliingia, akakanyaga viatu vya watu, akaketi karibu na sinia la maandazi.

"Mtani!" mzee mmoja alimwita. "Huyu Mhehe amefiwa. Umemeza kufuli leo?"

Akachukua andazi.

"Mtani," nilimwambia mimi mwenyewe, "kaka yangu amekufa. Yule wa mguu."

Alinitazama. Namkumbuka hivyo hata katika usingizi wangu wa mchana, uso wake mpana, mzuri, umekaa kimya kama chumba kilichohamwa. "Kuna maziwa?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Kwa watu wengine, mzee akinyamaza msibani ni adabu. Kwetu sisi wawili ilikuwa kama kuona moshi unatoka darini. Matusi yake yote ya miaka miwili iliyopita tuliyaita utani, na siku utani ulipokuwa wajibu wake, haukuwepo. Nilijua papo hapo, nikiwa na kikombe mkononi, kwamba mtu wangu hakuwa amekauka wala hakuwa amevunjwa moyo. Alikuwa anaondoka, pale pale alipokaa.

Nilimfuata binti jikoni. Anakielewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku. Nilimwambia, "Mwanangu, baba yako anaumwa. Ni muda mrefu. Nilijua, nikanyamaza." Alinitazama sana. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mdogo, alinijibu kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika: "Anko, kwa nini hukusema?"

Nilimwambia tumpeleke kwa daktari.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye sauti ya chini. Vipimo vilichukua muda, na siku ya majibu tuliketi wanne chumbani kwake: yeye, binti, mtani wangu na mimi. Alituonyesha picha kwenye kompyuta, ubongo umekatwa kama kabichi, na mbele, nyuma ya paji la uso, kulikuwa na mianya myeusi mahali palipopaswa kujaa. Binti alitafsiri alipoona nimepotea. Sehemu ile, alisema daktari, ndiyo breki ya mtu. Neno baya linampitia kila binadamu, tamaa inampitia kila binadamu, na pale mbele ndipo zinapozuiwa. Karibu na pale ndipo pia mtu anapohisi kwamba mwenzake ameumia. Kwa rafiki yetu, sehemu hizo zinakufa kidogo kidogo. Utamu nao ni dalili. Kumbukumbu yake bado ni nzuri, ndiyo maana watu hawashtuki. Hakuna dawa ya kuurudisha ubongo. Kuna namna za kumtunza.

"Huyu mama amenenepa," mtani wangu alisema kwa Kiswahili, akimtazama daktari.

Kicheko kilinitoka. Miaka arobaini ya mazoea huwezi kuifunga kama bomba. Binti naye alicheka, kisha akalia, akiwa amemshika baba yake mkono, na yeye akauangalia ule mkono kama kitu alichowekewa mezani.

Kiswahili nilichokulia kilikuwa na moyo, roho, nyongo na maini. Mtu akiwa mkali, nyongo. Akiwa katili, roho mbaya. Akiwa jasiri, ana maini. Sikuwa na neno la kile kilichopo nyuma ya paji la uso. Shule niliyosoma ilifika kidato cha nne, na katika somo la baiolojia tulichora ubongo, tukaandika majina yake pembeni, tukapata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba ule mchoro ndio unaoamua kama utamrudishia mtoto paja la kuku.

Kabla hatujatoka nilimuuliza daktari jambo jingine, na binti aliona haya kulitafsiri. Mke wangu mwenyewe, alipofikia umri wa kukoma hedhi, alikuwa anafungua dirisha mwezi wa Januari, analia bila sababu, ananifokea kwa kijiko kilichoanguka. Nilimwambia ana kiburi cha Marekani. Nilihamia chumba cha pili, halafu yeye akahamia kwa kijana wetu, jimbo la mbali. Daktari alisema homoni ni kama wajumbe ndani ya damu. Wakipungua ghafla, ubongo unakosa habari, usingizi unaharibika, joto linapanda, hasira inakaribia. Ni jambo linalotibika, alisema, au angalau linalovumilika, mtu akiwa na mwenzake. Jioni ile nilimpigia mke wangu nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. "Nimekusikia." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ya mtani niliyaita utani, ya mke wangu nikayaita ukaidi. Yote mawili yalikuwa mambo ya mwili.

Lakini shemeji alikuwa bado hajajua kutoka kwangu. Binti alimweleza ugonjwa; kuhusu jicho ilikuwa juu yangu. Nilikwenda kwa miguu. Majira ya kuchipua yalikuwa yameanza, na mtaa ule wa Herndon ulikuwa umejaa maua meupe yanayodondoka bila upepo, yakitua kwenye magari, kwenye mabega yangu. Nilitamani njia isiishe.

Alinikaribisha chai. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, shemeji."

"Nilikuuliza pale mtoni. Huyu ni yeye? Ukasema ni yuleyule."

"Nilikudanganya. Nilikuwa nimeona." Nikamweleza kuhusu mtoto na paja la kuku, kuhusu jicho lisilorudi. Alisikiliza akiwa ameshika birika hewani, hajamimina.

"Umeniacha nimchukie," alisema hatimaye. "Nimemchukia mgonjwa. Mwenyezi Mungu ataniuliza mimi, si wewe."

"Atuulize wote wawili."

"Wewe hukuwa unaogeshwa matusi." Aliweka birika chini. "Na sasa nimsamehe nani? Kama aliyesema hakuwa yeye, msamaha nampa nani?"

Nilimwambia sijui. Chumbani kulikuwa na mwanga wa manjano wa alasiri, ule unaokufanya usijue kama umekaa saa nzima au dakika chache, na kwa muda nilihisi kama sote wawili tumelala macho wazi.

Kisha alianza kuniuliza. Alianza na mambo ya mbali. Wimbo aliomwimbia binti alipozaliwa? Huyo ni yeye, nilisema. Siku aliyompigia magoti mama mkwe, akimwomba msamaha kwa ugali mbichi, watu wakavunjika mbavu? Yeye kabisa. Safari ya Songea? Yeye. Koti la zambarau alilomnunulia aliposema anasikia baridi? Nilifikiri, nikakumbuka jinsi alivyolileta, amelivaa mwenyewe, anatembea kimadaha huku anamwangalia mkewe kama amependa. Yeye, shemeji. Alikuwa anaziweka hizo siku mezani moja moja, na kila niliposema "yeye," mabega yake yanashuka kidogo.

Tukafika karibu na mwaka ule jicho lilipoacha kurudi. Akaenda polepole.

"Alipostaafu," alisema, "aliniambia, sasa nitakupikia wewe tu. Akapika mara moja. Hakurudia. Ile ahadi, ilikuwa yake?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa kumwonea huruma.

"Hapo sijui, shemeji," nilisema. "Hapo kweli sijui."

Akainuka, akavaa viatu. "Nipeleke," alisema.

Sikumuuliza kama anarudi kukaa au kutazama tu. Tulivuka mto jua likiwa linakwenda kuzama, maji mapana, mekundu, hayasemi kitu, na yeye alikuwa ameweka mikono magotini kama bibi harusi. Mtani wangu alifungua mlango yeye mwenyewe, katika koti lake. Alimtazama mkewe mikononi, akatafuta mfuko.

"Umeniletea nini?"

"Nimejileta," alisema shemeji, akampita, akaenda kuwasha jiko.